Helisi ya Papa Botamba

Ninyi vijana mnaofanya kazi katika kiwanda cha mwanangu mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tunachomelea helisi zamani, kabla mashine ya argon haijafika Kisangani. Mafundisho mtayapata kidogo, maana mzee akishika kalamu hawezi kujizuia kufundisha. Lakini zaidi nataka mumjue mtu mmoja, Papa Ramazani. Yeye ndiye aliyenifundisha alumini, na mpaka leo sijaona mkono kama wake.

Mimi nilikuja Kisangani kutoka Maniema. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, na nilijua kuchomelea chuma. Malori ya njia ya Bafwasende yalikuwa yakirudi yamevunjika kila mahali, shasi, mabampa, milango, nami niliyashona yote. Kwa hiyo nilipoingia katika kiwanda cha Papa Ramazani, kando ya libongo, gati la mtoni ambapo mitumbwi ya motere, ile yenye injini, ilitia nanga, nilifika kifua mbele.

Akanipa helisi. Ile inayozunguka chini ya motere na kusukuma maji, yenye mabawa matatu. Bawa moja lilikuwa na ufa. Nikawasha gesi, nikaelekeza moto kwenye bawa, nikasubiri liwe jekundu.

Sasa sikilizeni. Chuma kikipata moto kinakuambia. Kinakuwa chekundu, kisha cha rangi ya machungwa, kisha cheupe, na wewe unajua umefika wapi. Alumini haikuambii kitu. Ikiwa baridi ni nyeupe, ikiwa na moto ni nyeupe, halafu ghafla haipo tena. Bawa zima lilianguka katikati ya miguu yangu kama uji uliomwagika.

Papa Ramazani alikuja akatazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Musafiri," akasema, "nilikuomba kuchomelea. Sikukuomba kupika supu."

Nikainama kukwangua ile alumini sakafuni.

"Bon. Sasa leta sabuni."

Nilidhani ananituma nikanawe nirudi kwetu. Kumbe sabuni ilikuwa ya kazi. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakipaka kwenye bawa jingine kama mtu anayechora mstari wa chaki, kisha akalipasha moto kwa upole. Mstari ukawa wa kahawia, kisha mweusi kama kahawa. "Hapa njo fasi yenyewe," akasema, yaani hapa ndipo mahali penyewe. "Ukifika hapa, alumini iko tayari kukusikiliza. Ukipita, inalala chini." Ukikosa sabuni, unatumia kijiti kikavu: unakivuta juu ya alumini, na kikiteleza na kuacha alama nyeusi, umefika. Ninyi mna mashine inayoshika moto mdogo mahali padogo, lakini jaribuni sabuni siku moja. Haidanganyi.

Mke wake, Mama Zaina, alikuwa akilalamika kila juma. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Wanaume wengine wanakunywa pesa ya sabuni ku bar," alisema. "Wangu anachoma sabuni yenyewe mu moto." Nilimwona Papa Ramazani akicheka chini ya miwani yake myeusi.

Alikuwa mtu wa familia za zamani za Kiislamu za mji huu, zile ambazo babu zao walifika na misafara ya biashara kutoka mashariki na hawakurudi. Alivaa kofia nyeupe hata kazini, na cheche zilikuwa zimeitoboa mpaka ikafanana na chujio. Hakupandisha sauti. Aliishi akazeeka, alifariki kitandani kwake miaka mingi baada ya mambo nitakayowaeleza, na kwenye mazishi yake nusu ya watu walikuwa wa mtoni.

Kiwanda kile zamani kilikuwa cha mzungu mmoja. Mwaka wa uhuru, wengine wakicheza barabarani, mzungu alimkabidhi Papa Ramazani funguo, akamwambia atarudi mambo yakitulia. Hakurudi. Pamoja na funguo aliacha mkebe wa unga.

Unga huo lazima niwaeleze, maana argon yenu imewanyima nafasi ya kuujua. Alumini ina ngozi juu yake, nyembamba, huioni kwa macho. Ukiyeyusha vipande viwili bila kuivunja ngozi hiyo, vinalala ubavu kwa ubavu bila kushikana, kama mume na mke waliogombana. Unga ndio unaovunja ngozi. Ulitoka Ulaya kwa meli, kisha kwa mto. Papa Ramazani aliuchota kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, na mkebe aliufunga haraka ili hewa ya mvua isiuharibu. Hata hivyo ulikuwa ukipungua. Ukaja uasi, waasi wakaushika mji. Meli kutoka chini ya mto hazikupanda tena. Helisi mpya hazikuja, unga haukuja, chumvi ya dukani ikaisha, na sabuni ya Mama Zaina ikawa kitu cha kufungia kwa ufunguo.

Ni wakati huo Papa Botamba alipoleta helisi yake.

Botamba alikuwa Mlokele, mtu wa mto tangu tumboni. Alikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao wenye motere, akivusha watu kati ya mji na Lubunga, ng'ambo ya kushoto, kule reli ya Ubundu inakoanzia. Majiwe ya mto wote aliyajua kwa majina. Lakini siku ile watu walikuwa wakipigana risasi ukingoni, akakata kona upande asiouzoea, akapanda jiwe. Aliingia kiwandani na helisi ameifunga katika kitambaa cha mke wake, akaifungua mezani taratibu kama mtu anayeonyesha mtoto mgonjwa.

Bawa moja lilikuwa limekatika karibu na shina, limeshikwa na kipande kidogo tu. La pili lilikuwa limepoteza ncha. La tatu lilikuwa limekunjika tu.

"Papa Ramazani," Botamba akasema, "batu banasema ndege zitakuja ku kiwanja ya Simi-Simi, na vita itaingia mu mji. Libongo imejaa wamama na watoto. Banataka kuvuka. Mitumbwi ya pagaie, ya makasia, wameichukua karibu yote. Imebaki yangu, na yangu iko bila miguu."

Papa Ramazani alifungua mkebe. Alikwangua chini kwa kijiko, akamimina kile alichopata juu ya kipande cha kioo. Kilikuwa kidogo kama chumvi ya kuweka katika yai moja. Kisha akaenda nyumbani, nami nikamfuata nyuma.

"Mama Zaina, ile chumvi ya majani iko?"

Chumvi ya majani ninyi hamjaionja. Wamama walikusanya majani yanayoota majini, wakayakausha, wakayachoma, wakachuja majivu kwa maji na kuyachemsha mpaka chumvi ikabaki. Chumvi ya dukani ilipopotea, ndiyo tuliyokula.

"Iko kidogo. Ya nini?"

"Ya Botamba."

"Botamba anakula kwetu leo?"

"Ya helisi yake."

Mama Zaina alimtazama, akanitazama na mimi, kana kwamba mmoja wetu angemwambia ni mzaha. Kisha akaenda kuchukua kibuyu.

Njiani kurudi Papa Ramazani alinieleza mawazo yake. Mzungu aliwahi kumwambia kwamba ndani ya unga ule kuna chumvi za aina nyingi. Chumvi ya majani ilikuwa na ukali wa aina yake. Alikuwa ameona inavyokula sufuria ya alumini ya mke wake. "Nitaichemsha tena, nitaisaga, nitaichanganya na ule unga kidogo," akasema. "Mi sijui kama itakubali."

Sikuwahi kumsikia akisema hajui.

Tukaanza asubuhi ya pili. Tuliosha helisi kwa petroli, tukaikausha, tukaipasha moto ili mafuta yaliyojificha ndani ya nyufa yatoke na moshi. Msiruke hatua hiyo hata mkiwa na mashine ya mbinguni: mafuta yakibaki, chomeleo lako litakuwa na matundu kama mkate. Katikati ya helisi mna mpira, kwa hiyo tulizungushia udongo wa maji usiungue. Kisha tukachukua udongo wa kichuguu, tukaukandika juu ya lile bawa la tatu, tulilokuwa tumelinyoosha, tukapata umbo lake, tukauhamisha chini ya lile lililokatika. Hivyo alumini mpya ingelala katika mkunjo uleule. Fimbo za kuyeyushia tulizitengeneza wenyewe, kwa pistoni za malori zilizokufa. Tuliilaza helisi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ipate moto kote, na juu yetu tulitundika turubai, maana kwenye jua huwezi kuona alumini ikianza kung'aa.

Pipa la karbiti lilikuwa likitoa gesi na kulia sss, sss, aliposimama mlangoni mtu mwenye bunduki, mmoja wa waasi. Alikuwa mtu mzima, wa makamo yangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ile pipa iko na nini?"

"Gesi," akajibu Papa Ramazani bila kuacha kazi. "Ya kuchomelea."

"Iko bombe."

"Hapana, papa. Kama ingekuwa bombe, mi na huyu Musafiri tungekuwa tumesimama karibu hivi?"

Yule mtu alifikiri. Bunduki ilikuwa bado inatutazama.

"Munatengeneza kintu ya nani?"

"Ya mtumbwi wa kuvusha batu. Ya kila mutu mwenye anavuka. Hata wewe, siku moja."

Alisogea, akainama juu ya mbabula, akatazama jinsi makaa yalivyopangwa, mengi pembeni na machache katikati. "Upande huu moto iko kidogo," akasema. Na ilikuwa kweli.

"Unajua moto," Papa Ramazani akamwambia.

"Mi nilikuwa nachoma mikate mu mji. Zamani, mbele ya hii mambo."

"Basi weka bunduki ukutani, utusaidie kusukuma makaa."

Naye akaiweka. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo nashangaa. Papa Ramazani alisema kwa sauti ileile aliyoniambia mimi nilete sabuni, na yule mtu akafanya.

Kisha Papa Ramazani akaanza kuchomelea. Laiti mngeiona kazi ile. Tone la kwanza lilikataa. Lilijiviringa kama maji juu ya jani la muhogo na kudondoka. La pili vilevile. Akatoa moto, akasubiri, akaongeza unga kwa ncha ya kijiti, akarudi tena kutoka upande mwingine, taratibu, moto ukiwa umelala karibu na bawa kama mtu anayenong'oneza. Mara nikaona kingo mbili zikang'aa pamoja na kuvutana. Akaingiza fimbo, akaitoa, akaingiza, akaitoa, na nyuma ya mkono wake likabaki tuta dogo lenye mikunjo iliyolingana, kama mchanga baada ya wimbi. Jasho lilishuka kutoka kwenye ile kofia mpaka kidevuni na hakulifuta. Mchoma mikate alikuwa ameacha kusukuma makaa. Sisi wawili tulisimama tu.

Alipomaliza hilo na ncha ya lile la pili, tukaizika helisi katika majivu ya moto.

"Juu ya sababu gani hauitie mu maji ipoe?" akauliza mchoma mikate. "Batu banangoja."

"Mukate ikitoka mu four, mu tanuru, unaitupa mu maji?"

"Hapana. Itaharibika."

"Basi."

Ilikaa majivuni mpaka baada ya sala ya alasiri. Tukaisugua kwa brashi na maji ya moto, maana unga ukibaki unaendelea kula alumini kimyakimya. Tukapiga tupa, tukaipitisha kwenye fimbo nyembamba na kuilaza juu ya makali ya visu viwili. Bawa zito linashuka lenyewe. Unapunguza hapo, unajaribu tena, mpaka helisi isimame popote unapoiacha. Mchoma mikate alimpa Papa Ramazani mkono, akachukua bunduki yake, akasema yeye ndiye analinda libongo kesho, na mtumbwi utapita.

Alipokwenda, Papa Ramazani alinivuta pembeni, pamoja na Botamba.

"Ile bawa ya shina," akasema, "juu imeshikana. Ndani haijashikana yote. Nimeona wakati ya kuchoma."

"Tuchome tena," nikasema.

"Na unga gani?"

Mkebe ulikuwa mtupu na kibuyu kilikuwa kitupu.

"Itavunjika?" Botamba akauliza.

"Itavunjika. Siku gani, sijui. Usifungue gaz yote, motere iende polepole. Pakia nusu ya batu unaopakia siku zote. Weka pagaie kila upande. Na mi nitapanda na wewe."

"Papa, wewe si mutu ya mto. Hata kuogelea hujui."

"Mkono wangu unaijua ile bawa. Ikianza kulegea mi nitasikia kwanza, mbele yako."

Kulipokucha libongo ilikuwa imejaa. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu mgongoni na godoro kichwani. Nami nilijua lile bawa. Nilisimama nimemshika mkono, sikumwacha apande, wala sikusema kwa nini. Papa Ramazani alikuwa tayari ameketi nyuma ya mtumbwi, karibu na motere. Alituona.

"Musafiri," akasema polepole, "Mama Zaina anapanda vilevile."

Nikageuka, nikamwona Mama Zaina akikunja kanga yake na kuingia, akiwa na sufuria yake iliyoliwa na chumvi. Nikamwachia mke wangu mkono. Kisha mimi nikaingia, nikachukua pagaie.

Botamba alivuta kamba, motere ikawaka. Mto pale ni mpana, na mkondo unaotoka kwenye maporomoko ya Wagenia hauna huruma na mtumbwi usio na nguvu. Papa Ramazani alifumba macho, akaweka kiganja juu ya motere, kama mganga anayesikiliza kifua. Tulipofika katikati aliinua kidole. Botamba akapunguza. Mtumbwi ukaanza kuteremka na mkondo, wamama wakaanza kunung'unika, lakini Botamba aliwaambia wakae chini na kila mtu ashike mtoto wake. Kidole kikashuka. Tukaendelea. Tulifika Lubunga chini kabisa ya mahali pa kawaida, tukasukuma mtumbwi kwenye tope, watu wakashuka.

Mke wangu alishuka na mtoto. Mama Zaina akasimama ukingoni. "Shuka sasa," akamwambia mume wake.

"Bado," akasema.

Tukarudi. Tukavusha tena, tukarudi tena. Siku nzima. Upande wa Simi-Simi tulisikia milio ya bunduki, na kila iliposikika watu ukingoni walizidi. Papa Ramazani hakutoa kiganja juu ya motere isipokuwa wakati wa kupakia. Kiganja kilivimba kwa joto. Nilimpa ndizi, akala kwa mkono mwingine. Sikumwona akiwatazama watu wala risasi. Alikuwa akisikiliza kitu kimoja tu, na kila kidole chake kilipoinuka, Botamba alitii bila kuuliza. Nahodha aliyejua kila jiwe, siku ile aliongozwa na kidole cha mchomeleaji.

Katika safari ya mwisho, petroli ikiwa imebaki kidogo, mchoma mikate aliingia pamoja na watu. Bunduki hakuwa nayo. Alikaa chini kama alivyoambiwa, amembeba bibi mmoja ambaye miguu yake haikuweza kutembea.

Lubunga, wote walipokwisha shuka, Papa Ramazani aliweka mguu mmoja mchangani. Alikaa palepale, maji yakimpita miguuni. Mama Zaina alikuja, akaketi kando yake, akakichukua kile kiganja na kukitia ndani ya maji.

Mimi na Botamba tukainua motere. Lile bawa la shina lilikuwa na ufa uliopita zaidi ya nusu. Nililisukuma kwa kidole gumba, likacheza kama jino la mtoto. Botamba alilitazama, kisha akautazama mto wote, kutoka kule tulikotoka mpaka miguuni petu, akakaa chini na yeye.

Niliifungua helisi, nikampelekea Papa Ramazani. Aliigeuza kwenye mwanga, akautazama ule ufa kwa makini, akaona mahali ulipoanzia.

"Hapa unga ulikuwa mudogo," akasema. "Juu ya hapa imeshika muzuri. Unaona?"

"Naona, papa."

Akanirudishia.

"Bon. Ivunje kabisa, halafu utafute makaa, tutaichoma upya tukipata unga. Vita ikiisha, batu watataka kurudi kwao."

Nikalikunja lile bawa kwa mikono, likakatika, nikaondoka kwenda kuuliza kwa watu wa Lubunga wapi wanauza makaa.